Hakusema Hivyo

Joséline aliijua siri ya mumewe Jumamosi moja saa kumi alasiri, mbele ya watu arobaini, na aliyeitoboa ni mumewe mwenyewe, kwa kipaza sauti.

Kila Jumamosi Salvator alitafsiri filamu katika chumba kirefu nyuma ya duka la Pandu, hapo Rosettenville, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa bara. Siku nyingine zote alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la matairi, mtu wa sare na tochi. Lakini Jumamosi, akishaketi kwenye meza ndogo pembeni ya skrini na hedifoni masikioni, aligeuka DJ Salva, na Warundi, Wakongo na Watanzania wa mitaa ile walikuja kumsikiliza. Pandu, mtu wa Pemba, alikiita chumba chake kibanda umiza, kama wanavyoita kwao ukumbi wa video.

Filamu zenyewe zilikuwa za zamani, zisizo na rangi, zilizotengenezwa miaka ile baada ya vita kuu. Mzee mmoja Mreno, siku alipofunga duka lake la kukodisha kanda, alimwachia Salvator sanduku zima. Mwanzoni watu walinung'unika kwamba hazina rangi wala karate. Sasa walizipenda. Waliziita filamu za kofia, kwa sababu kila mwanamume ndani yake alivaa kofia, hata alipokuwa anakwenda kufanya ubaya.

Ya Jumamosi ile ilimhusu mkaguzi wa madaraja aliyerudi vitani mzima, mwenye mke mpole, nyumba na bustani, na bado hakutulia. Salvator alimpa jina la Bwana Robati. Huyu Bwana Robati alikuwa na mwanamke wa pembeni aliyeishi ghorofani, na katika filamu nzima mvua haikukatika.

Salvator alikuwa na kanuni moja ya kazi: chumba kisikae kimya. Watu wa filamu za kofia wanapenda kunyamaza na kutazamana, na watazamaji wa Pandu hawakulipa kiingilio ili waangalie watu wanaonyamaza. Kwa hiyo kila penye kimya Salvator alitia maneno kutoka kichwani mwake. Hapo ndipo alipojikwaa.

Kwenye skrini mwanamke alifungua mlango. Bwana Robati akaingia, kofia inatiririka maji, akaketi. Mwanamke akaweka birika jikoni. Hakuna aliyesema neno, na dakika ikawa ndefu.

"Karibu, mpenzi wangu," Salvator akasema kwa sauti nyembamba ya kike, na watu wakaanza kucheka. "Pole, umechoka. Usiku kucha umesimama getini. Lete miguu hiyo niitie kwenye beseni, maji ya moto na chumvi, niikande taratibu. Usiifiche. Hata huo upande usio na kidole, mimi siuogopi. Nipe na huo."

Chumba kililipuka.

"Eish, kumbe Mzungu naye ni sikyuriti!" mtu mmoja akapaza sauti.

"Analinda daraja lisiibiwe," mwingine akadakia.

Joséline alikuwa benchi la nyuma kabisa, anapindia sare za kwaya. Alikuwa fundi cherehani mwenye kiduka chake, na hata Jumamosi mikono yake haikujua kukaa bure. Sindano ilisimama katikati ya kitambaa.

Salvator alikuwa na vidole tisa vya miguu. Kimoja kilibaki njiani utotoni, wakati familia yao ilipokimbia Burundi, na zaidi ya hapo Joséline hakujua lolote. Mumewe alilala na soksi, hata Januari, hata joto likizidi. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Joséline alijaribu kumvua soksi kwa utani, na Salvator akashuka kitandani akalala sakafuni. Hakujaribu tena. Alijiambia kuwa ndani ya mtu kuna mahali ambapo hata mke hapewi ufunguo, naye akapaheshimu miaka kumi na moja.

Kumbe pana mtu aliyepewa.

Aliinua macho akatazama migongo inayotikisika kwa kicheko. Mgongo mmoja haukutikisika. Benchi la tatu, Héritière, msusi wa saluni ya pale kona, binti wa Bukavu mwenye mabega yaliyonyooka, alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Héritière akageuka polepole. Hakumtazama Salvator. Alitazama nyuma, moja kwa moja, machoni mwa Joséline.

Hapo Joséline hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Salvator naye alimwona Héritière akigeuka, akafuata macho yake, akamfikia mkewe. Sauti ikamkatika. Kwenye skrini wapenzi wawili waliendelea kunywa chai bila maneno.

"DJ! Umelala?"

Pandu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Aliwatazama watu watatu mmoja baada ya mwingine, kisha akazima filamu. "Mapumziko, waungwana. Maandazi ya moto, chai, soda baridi. Filamu haina mbawa, mtaikuta."

Joséline alitokea mlango wa nyuma, akasimama uani kati ya kreti za chupa tupu. Salvator alimfuata mbio, hedifoni bado shingoni.

"Mama Shekinah..."

"Nani anakukanda miguu, Salvator?"

Tangu binti yao azaliwe alikuwa Baba Shekinah, ndani na nje. Kuitwa jina lake tupu kulimsimamisha kama mtu aliyefika ukutani.

"Ni filamu tu. Unaijua kazi yangu, penye kimya najaza."

"Umejaza, nimesikia. Lakini mkaguzi wa madaraja hasimami getini usiku kucha."

Salvator akashika hedifoni zilizomning'inia shingoni.

"Alhamisi," Joséline akasema. Hakuwa anauliza. "Zile zamu mbili za Alhamisi."

Salvator akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Kila Alhamisi nakufungia chakula katika bakuli mbili. Najiambia, maskini mume wangu, zamu mbili, njaa mbili." Sauti yake haikupanda. "Ile ya pili alikula nani?"

Salvator alitazama chini. Kola ya shati lake ilikuwa imejikunja upande mmoja, na moyo wa Joséline, moyo usio na adabu hata kidogo, ulitaka kuinyoosha. Mkono ulikuwa umeshaanza kuinuka. Aliurudisha akaukunja pamoja na mwenzake kifuani.

"Nijibu."

"Tulikula pamoja," Salvator akasema. "Alisema unapika vizuri."

Joséline alicheka kidogo, bila furaha, kwa sababu alijua kuwa hili lilikuwa kweli.

Mlango ukafunguka tena, akatoka Mama Marcelline akifuta makombo ya andazi midomoni. Yeye na mumewe ndio waliosimamia harusi ya Joséline na Salvator kanisani. Wazazi wa Joséline walibaki Gitega, na huku ugenini msimamizi wa ndoa ndiye mama: akisema, umeambiwa na mama.

"Sitaki kusikia," Mama Marcelline akasema, ingawa ilionekana wazi kuwa ameshasikia. "Si hapa, watoto wangu, penye masikio ya watu. Kesho baada ya ibada mtakuja kwangu. Salvator, kreti mbili za Fanta, na kitambaa cheupe juu. Utapiga magoti, utasema umekosa, tutakunywa, yatakwisha. Ndivyo tunavyofanya."

"Na mimi nitasema saa ngapi, mama?" Joséline akauliza.

"Wewe?" Mama Marcelline alishangaa kweli, bila ubaya. "Wewe utakunywa."

Joséline alivijua vikao hivyo. Alishawahi kukaa katika kimoja, kwenye mkeka, upande wa wanawake. Mke wa watu alipewa glasi mkononi huku shingo zote zimemgeukia. Akishapiga funda moja tu, kesi imefungwa, na haifunguliwi tena hata kama yeye mwenyewe bado hajaanza kulia.

"Sitakunywa," akasema.

"Una hasira. Ni haki yako. Kesho utakuwa umepoa."

"Kesho huenda nikapoa, mama. Na bado sitakunywa."

"Joséline." Mama Marcelline akashusha sauti. "Unadhani mimi sikunywa? Nimekunywa mara mbili. Ndiyo maana leo nina nyumba."

Joséline alimtazama mama huyu aliyemshoneshea gauni lake la harusi, akamwona kwa mara ya kwanza kama mwanamke mwenzake. Alitaka kumshika mkono. Hakupata nafasi, kwa maana Héritière alikuwa amesimama mlangoni.

"Yaya Joséline," akaita, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa.

"Wewe rudi ndani, binti," Mama Marcelline akamkemea. "Huna aibu?"

"Ninayo, mama. Asiye na aibu angekuwa ameshakimbilia nyumbani." Héritière alisogea hatua mbili akasimama. "Yaya, nina neno moja. Sikukuibia. Alikuja kwa miguu yake."

"Najua. Mtu mzima haibiwi."

"Aliniambia ninyi ni wa faili moja tu."

Wote wanne walielewa. Katika ofisi za wakimbizi wako watu walioandikishana kama mke na mume ili kibali kitoke, halafu kila mtu akashika njia yake. Kila aliyepanga foleni zile anamjua mmoja au wawili.

"Alisema mliunganisha faili kwa ajili ya makaratasi," Héritière aliendelea. "Mtoto akaja kwa bahati. Na kwamba kila mmoja analala chumba chake."

"Nyumba yetu ina chumba kimoja," Joséline akasema. "Anayelala peke yake ni cherehani yangu."

Héritière akamgeukia Salvator. "Ni kweli?"

Yule aliyejaza kimya cha filamu nzima alisimama pale na mdomo wake mkavu.

"Basi na mimi uliniongopea," Héritière akasema polepole.

"Unampenda?" Joséline akamuuliza.

"Nilimpenda yule aliyenisimulia, yaya. Huyu simjui."

"Na kidole chake? Alikueleza kilivyopotea?"

"Alinieleza. Alilia. Ikiwa unataka, nita..."

"Usiniambie." Hapo ndipo sauti ya Joséline ilipopanda kwa mara ya kwanza. "Kama nitakuja kuijua habari hiyo, nitaisikia kwake. Siletewi mume wangu kwa vipande na mtu mwingine."

Héritière akainamisha kichwa. "Sikuombi msamaha leo," akasema. "Ungenijibu kwa sababu huyu mama anatuangalia." Akapita katikati yao, akafungua geti la uani, akaenda zake na mabega yake yamenyooka vilevile. Joséline alimtazama mpaka akapotea, na akashangaa kwamba hakupata ndani yake chuki aliyokuwa anaitafuta.

Ndani watu walikuwa wanapiga mabenchi wakidai filamu yao.

"Nenda nyumbani ukapumzike, mwanangu," Mama Marcelline akambembeleza. "Jifunike kanga ulale. Mimi nitawatuliza watu."

"Sijavunja kitu cha mtu, mama. Nijifunike nini?"

Akaingia ndani, akampa Pandu kiingilio mkononi. Pandu alimwambia, "Shemeji, wewe hulipi siku zote," naye akajibu, "Leo mimi ni mtazamaji." Hakurudi benchi la nyuma. Alikwenda kuketi la mbele kabisa, karibu na spika ndogo iliyotoa sauti yenyewe ya filamu, ile ambayo hakuna aliyeisikiliza, kwa kuwa wote walikuja kumsikiliza DJ Salva.

Salvator alitafsiri nusu ya pili kwa sauti ya mtu aliyemeza kokoto. Mambo ya Bwana Robati yalikwenda kama yanavyokwenda kwenye filamu za kofia. Mtu mmoja aliwapiga picha yeye na yule mwanamke, akaja kumtishia. Wakagombana darajani, bunduki ikalia. Polisi wakaja mvuani, na wanawake ukumbini wakasema si tulisema.

Mwisho ukafika. Bwana Robati aliketi kwenye benchi refu katika korido ya polisi, askari huku na askari kule. Mkewe akaja amebeba koti lake, akaketi kando yake. Bwana Robati akamuuliza kitu kwa sauti ndogo. Mke akatazama ukuta muda mrefu, kisha akasema maneno machache.

Salvator akainua macho kutoka kwenye skrini. Alimtazama Joséline. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake mlikuwa na ombi lile lile alilokuwa nalo siku alipomvizia nje ya darasa la kushona, akiwa na mwavuli wa kuazima, akimwomba amsindikize hatua kumi tu.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ya kike inayotetemeka, "nimekusamehe. Mwanamume ni mwanamume. Yaliyopita yamepita. Inuka twende nyumbani."

"Amina," Mama Marcelline akasema kutoka nyuma. Wanaume wawili watatu wakapiga makofi.

Joséline akasimama.

"Hakusema hivyo."

Hakupiga kelele. Lakini alikuwa mbele, mwanga wa skrini umemwangukia, na kila mtu alimwona.

"Pandu, rudisha nyuma kidogo."

"Shemeji, kweli?"

"Rudisha."

Pandu akamtazama Salvator, akamtazama Joséline, akaamua. Mke wa kwenye skrini akainuka kinyumenyume, akaketi tena, akatazama ukuta tena.

Salvator aliweka kiganja juu ya kipaza sauti. "Tangu lini unasikia Kiingereza?" akanong'ona.

"Unadhani ni nani anayekaa na Shekinah kwa kazi za shule kila Alhamisi?" Joséline akajibu, bila kunong'ona.

Mtu mmoja nyuma akaguna. Hakuna aliyecheka.

"Sema alichosema," Joséline akamwambia. "Wewe ndiye mtafsiri."

Bwana Robati akauliza tena kwa sauti ndogo. Mkewe akajibu. Salvator alisikiliza kwenye hedifoni, kisha akazivua akaziweka mezani. Alipoanza kusema hakuiga sauti ya mwanamke. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ile ya nyumbani.

"Mume anauliza, 'Utanipokea?' Mke anasema, 'Sijui bado. Ulichukua muda wako wote kwenda kwake. Na mimi nitachukua wangu wote kukujibu. Usiniulize tena. Nikipata jibu, nitakuletea mwenyewe.'"

Kwenye skrini mke aliinuka, akaweka koti juu ya magoti ya mumewe, akaenda kwenye korido ndefu peke yake, viatu vyake vinalia. Salvator hakuongeza neno. Kwa mara ya kwanza tangu kibanda kifunguliwe, watu arobaini walikaa kimya mpaka filamu ikaisha.

"Sharp, mama," sauti moja ya kike ikampongeza gizani, taratibu.

Nje jua lilikuwa bado lipo. Joséline alitia sare za kwaya mkobani, moja moja, bila haraka. Mama Marcelline alimpita akiwa amefunga uso.

"Umemwaibisha mumeo mbele ya kadamnasi."

"Nimemrekebisha tafsiri, mama."

"Mwanamke hamfungii mumewe mlango."

"Sijafunga wala sijafungua. Nimesema sijui, na sijui ni jibu. Nawe utakunywa Fanta yako kesho, mimi nitakuwa nashona kola ishirini na mbili."

Mama Marcelline akafanya jambo ambalo Joséline hakulitegemea: akampokea mkoba, akaubeba mpaka getini. "Mzito," akasema tu, akamrudishia, akaenda.

Salvator alikuwa anasubiri kando ya ukuta wa duka.

"Leo nilale wapi?" akauliza.

"Troyeville, kwa kaka yako. Jean-Claude ana kochi."

"Atauliza."

"Mweleze. Una sauti nzuri ya kusimulia."

Akayapokea maneno hayo bila kujitetea. Wapita njia waliwatazama, nao wakawaacha watazame.

"Joséline, sikuwa nakudharau. Ile miguu... kwako niliona aibu. Kwako ndiko nilikotaka kuwa mwanamume mzima. Kule sikujali."

Maneno yale yalimchoma mahali ambapo hasira ilikuwa haijafika. Aliamini kuwa ni ya kweli, na akajua pia kuwa ukweli huo haumlipi kitu. Angeweza kumkumbatia pale pale. Angeweza pia kumpiga kwa mkoba wa sare. Alikaa na yote mawili mpaka yakatulia.

"Na faili?" akasema. "Lile neno la faili moja. Aibu ya miguu naielewa. Lakini hilo ulilisema ukiwa umevaa viatu."

Salvator akatazama viatu vyake.

"Mimi si mke wa makaratasi. Nilikupenda kabla hujawa na karatasi hata moja. Alhamisi ijayo mchana uje dukani kwangu. Gonga kama mteja. Ukikuta foleni, utapanga."

"Nikija utanipokea?"

"Nimeshasema usiniulize."

"Nitakuja," Salvator akasema. "Hata foleni ikifika barabarani."

"Foleni huwa haifiki barabarani," Joséline akajibu. "Usijipambe."

Akatia mkoba begani akaondoka. Alijua bila kugeuka kwamba Salvator bado amesimama pale, na kwamba anamtazama kama hajawahi kumtazama mwaka mzima huu. Mgongo wake wote ulihisi macho yale, na hakuuharakisha wala kuupindisha.

Kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, taa ilikuwa nyekundu. Akasimama na wengine: mama mwenye mbogamboga, vijana wawili wa Kizulu wanaobishana mpira, mzee Mreno na mbwa wake. Hapo machozi yakaja. Hakutafuta kitambaa wala hakugeuza uso ukutani. Alilia wazi, kichwa juu, kama mtu anayefanya jambo lake halali mchana kweupe.

"Sorry, sisi," kijana mmoja akamwambia, akimwita dada kwa lugha yake.

"Asante," Joséline akasema kwa Kiswahili chake, na taa ilipobadilika akavuka.